Nakshi ya Unga wa Kioo: Uhakiki wa Shanga za Odumase na za Kiffa

Lugha yetu ina kitenzi kimoja kinachowatumikia mafundi wawili. Mshairi hutunga shairi, na mwanamke aketiye mkekani na uzi wake hutunga shanga. Walimu wengi tumekwisha kuutumia mfano huo darasani ili kuwaeleza wanafunzi kwamba neno katika ubeti ni kama punje katika uzi: lina mahali pake, na likiondolewa mstari mzima hulegea. Mfano huo ni mwema, nasi hatuna nia ya kuuvunja. Hata hivyo una upungufu mmoja, na upungufu huo ndio uliotusukuma kuandika makala haya. Mtunga shanga kwa kawaida hupokea punje zilizokwisha kufanywa na mtu mwingine. Kazi yake ni kupanga. Yule aliyeifanya punje yenyewe, akaitia rangi na nakshi tangu ilipokuwa vumbi, hatajwi na kitenzi chetu, wala uhakiki wetu haumwoni.

Jambo hili lina asili yake katika historia. Kwa karne nyingi ushanga wa kioo uliwafikia watu wa pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi, ukiwa umekamilika, kutoka India na nchi nyingine za Bahari ya Hindi, na baadaye kutoka Venice. Toka pwani uliingia bara kwa misafara hadi kwenye Maziwa Makuu. Richard Burton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, aliorodhesha aina nyingi za shanga zilizouzwa Unguja, pamoja na majina yake, mathalani samesame, ule ushanga mwekundu uliopendwa sana bara. Ukiyachungua majina ya namna hiyo utaona kwamba yalikuwa ya lazima kwa mtu wa biashara: aijue rangi, aujue ukubwa, ajue wapi aina ipi inapokewa na wapi inakataliwa. Basi lugha ya shanga tuliyorithi ni lugha ya mnunuzi. Ndiyo maana hata leo mwanafunzi akiambiwa aeleze ushanga aliopewa, hutaja rangi, husema "unavutia", kisha hunyamaza.

Tunalotaka kulitetea hapa ni hili: uhakiki wa ushanga hauna budi kuanzia ndani ya punje. Tumechagua kazi ya mahali pawili katika Afrika Magharibi ambapo kioo husagwa kikawa unga, na unga huo ukafanywa mwili na nakshi ya ushanga. Mahali pa kwanza ni Odumase, katika nchi ya Wakrobo, kusini-mashariki mwa Ghana. Mahali pa pili ni Kiffa, mji ulio kusini mwa Mauritania.

Kabla ya kufika huko, yafaa ikumbukwe kwamba kukifanya kioo upya ni kazi ya siku nyingi Afrika. Mahali panapoitwa K2, katika bonde la mto Limpopo, Afrika ya Kusini, baina ya mwaka 1000 na 1220 hivi, mafundi waliziyeyusha shanga ndogo za kigeni katika kalibu za udongo, wakapata shanga kubwa nene zenye umbo la pipa. Kalibu hizo zimechimbuliwa na wataalamu wa mambo ya kale. Shanga ndogo zilizoyeyushwa zilikuwa zimepita katika bandari za pwani ya Msumbiji, yaani katika biashara ile ile ya bahari iliyoilisha miji ya Waswahili. Wakati sisi tulipokuwa tukizihesabu, wenzetu wa Limpopo walikuwa wakizivunja ili wapate walichokitaka wao.

Sasa natuingie Odumase. Fundi huanza na chupa tupu. Huzivunja, huzitwanga kwa kinu cha chuma, kisha huchekecha. Hapa ndipo hukumu ya kwanza ya kisanaa inapotolewa, nayo ni hukumu juu ya ukubwa wa chembe. Unga uliosagwa laini hunasa viputo vidogo vingi vya hewa unapoyeyuka. Kwa hiyo ushanga wake huwa mzito wa rangi, hauonyeshi ng'ambo, hufanana na jiwe au mfinyanzi. Vigae vikubwa vikiyeyuka pamoja hutoa ushanga unaopitisha mwanga, ambamo mtu aweza kuitambua bado rangi ya chupa ya asili. Baina ya hali hizo mbili zipo daraja nyingi. Mshairi huchagua baina ya neno zito na neno jepesi. Fundi wa Odumase huchagua baina ya unga na kigae. Mtu asiyeiona tofauti hii hawezi kusema lolote la maana juu ya nakshi itakayofuata.

Unga hutiwa katika kalibu ya udongo yenye vitundu, iliyokwisha kupakwa udongo mweupe ili kioo kisigande. Katikati ya kila kitundu husimamishwa kikonyo cha jani la muhogo. Moto ukishika, kikonyo huungua chote, nacho huacha tundu la kupitishia uzi. Katika kazi nzima hatujaona hila iliyo nyepesi na ya busara kama hiyo: kitu kinachoteketea ndicho kinachoupa ushanga njia ya kuvaliwa. Shanga za vigae hazitumii kikonyo. Hizo hutobolewa kwa chuma chenye ncha zikingali laini kwa moto, na katika kuzungushwa ndipo zinapopata umbo lake. Mwishowe shanga zilizopoa husuguliwa juu ya jiwe kwa mchanga na maji hadi zilainike.

Nakshi ya Odumase hupatikana kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni ya tabaka. Fundi humimina kitundu kimoja unga wa rangi moja, juu yake unga wa rangi nyingine, na kadhalika, mpaka kitundu kijae. Baada ya moto tabaka hizo hugeuka kuwa mikanda inayouzunguka ushanga. Njia ya pili ni ya kuandika. Ushanga huchomwa kwanza ukiwa mtupu. Kisha kioo kilichosagwa laini kabisa huchanganywa na rangi na maji hata kiwe kama uji mwepesi. Kwa ncha nyembamba fundi huchora mistari, vitone na maua juu ya ushanga, akaurudisha tanurini mara ya pili ili nakshi ishikamane na mwili. Moto ukizidi, mistari huenea na kupoteza umbo. Ukipungua, hubaki mikavu, nayo huambuka upesi.

Katika njia zote mbili kuna ugumu ambao mtazamaji haushuku. Kioo cha kijani kikisagwa laini hakibaki kijani. Hupauka, kikafanana na unga wa muhogo. Hata unga uliotiwa rangi huwa hafifu kabla ya kuchomwa. Kwa hiyo fundi huandika kwa rangi asiyoiona. Anayajua mapatano ya rangi zake kwa kumbukumbu na kwa mazoea, na moto ndio utakaomwambia kama alikumbuka sawasawa. Mchoraji wa turubai hurudi nyuma hatua mbili, akatazama, akarekebisha. Huyu hana nafasi hiyo. Tukisema kazi ya mikono haihitaji akili ya mbele, tunasema tusichokijua.

Tukizilinganisha njia hizo mbili, sisi twaipa daraja ya juu ile ya tabaka, ingawa machoni ni ya kimya zaidi. Sababu yetu ni kwamba nakshi ya tabaka imeingia mwili mzima wa ushanga. Ushanga huo ukivaliwa miaka, ukasuguana na wenzake, ukalika, mkanda wake bado upo, kwa kuwa hauna sehemu ya nje tu. Tena mpaka wa rangi moja na nyingine haunyooki kama uliopigwa kwa rula: unga hutelemka kidogo ukiwa mkavu, hushuka tena ukiyeyuka, na mawimbi yanayotokea ni saini ya mkono na ya moto pamoja. Nakshi ya kuandika ina fadhila yake, nayo ni uhuru wa mstari. Humo fundi hodari huweza kutofautisha ushanga mmoja na mwingine. Bali katika mikono myepesi huharibika kwa urahisi. Tumezitazama nyingi za sokoni ambazo vitone vyake vimevimba kama vipele, rangi tano zimerundikwa mahali ambapo mbili zingetosha, na mchoro mmoja umerudiwa punje baada ya punje kwa sababu wageni huununua. Hiyo ni nakshi iliyokaa juu ya ushanga kama kiraka, ilhali Wakrobo wenyewe wanaujua ushanga kwa heshima nyingine kabisa. Katika jando lao la wasichana, liitwalo Dipo, mabinti hupambwa kwa shanga nyingi kiunoni na shingoni, na miongoni mwake zimo za urithi wa ukoo. Ushanga wa namna hiyo hupimwa kwa macho ya bibi na nyanya, na macho hayo hayadanganywi na vitone.

Tukitoka Ghana kwenda Mauritania, tunapita toka kazi ya kalibu hadi kazi ya kidole. Shanga za Kiffa zilipata jina hilo katika maandishi baada ya mtaalamu wa Kifaransa, Raymond Mauny, kuandika habari zake mwaka 1949. Mafundi wake ni wanawake. Huvisaga vipande vya chupa, au shanga za kigeni zilizovunjika, hadi viwe unga laini mno. Unga hulowanishwa kwa mate, au kwa maji yenye gundi ya mti, ukafinyangwa kwa mkono kuwa kiini cha ushanga. Juu ya kiini hicho kibichi fundi huiweka nakshi kwa ncha ya sindano: nyekundu, manjano, buluu, nyeupe, na rangi ya giza ya kutenganisha. Kisha ushanga huwekwa katika chombo kidogo, aghalabu kopo la samaki wa bati, ukachomwa juu ya makaa. Hakuna tanuri la kujengwa, na mara nyingi hakuna hata kalibu.

Zinazosifiwa zaidi ni zile za pembetatu. Katika uso usiozidi upana wa kidole hupangwa pembetatu ndani ya pembetatu, misharazi na macho, kila mstari ukiwa umesimama peke yake bila kumwagikia jirani yake. Mwenye kuzitazama hudhani zimesukwa kwa uzi. Hapa nakshi na mwili ni unga wa namna moja, vimelowanishwa kwa kimiminika kimoja, vimeingia motoni pamoja. Ile hitilafu tuliyoiona katika shanga zilizoandikwa za Odumase, ya nakshi kukaa kama mgeni juu ya ushanga, haina nafasi ya kuzaliwa. Twasema bila kusita kwamba katika nakshi ya unga wa kioo hatujui kazi iliyopita hii ya wanawake wa Kiffa kwa ubora, nayo imefanywa kwa sindano, kopo na makaa.

Ili hukumu yetu isiwe ya upande mmoja, natuitazame njia ya tatu, ambayo ina wafuasi wengi Ulaya na Marekani. Fundi wa huko huyeyusha fimbo ya kioo mbele ya mwale wa taa ya gesi, akaizungushia kioo hicho ncha ya chuma chembamba kilichopakwa udongo. Ushanga ukingali mwekundu kwa moto, huuviringisha juu ya chembe za kioo kilichopondwa, zikagandama kama ufuta juu ya mkate. Akiurudisha motoni kwa muda mrefu, chembe huzama zikawa madoa laini. Akiurudisha kwa muda mfupi, hubaki zimesimama, na ushanga huwa na ngozi ya kukwaruza. Hatari yake ni kwamba vioo visivyo vya jamii moja havisinyai kwa kadiri moja vinapopoa. Ukivichanganya, ushanga hupata ufa, pengine baada ya siku nyingi. Kwa sababu hiyo hata ushanga ulio salama hupozwa taratibu sana.

Njia hii hutoa vitu vizuri, lakini ina kishawishi chake. Kunyunyiza ni rahisi kuliko kuandika. Chembe huangukia zinapoangukia, na mng'ao wa rangi humfanya fundi adhani amebuni, kumbe amebahatika. Wale walio wastadi kweli huanza kazi hapo wengine wanapoishia: huzivuta chembe zilizoyeyuka kwa ncha ya chuma, huzizungusha, huzifunika kwa kioo kisicho na rangi ili zionekane kama zimo majini. Kwao bahati ni malighafi tu. Mwalimu wa insha ataielewa tofauti hii mara moja, kwani anao wanafunzi wanaonyunyiza methali juu ya insha, na wachache wanaoiandika methali mpaka ikawa mwili wa hoja.

Yapo malalamiko mawili ambayo hatuna budi kuyajibu. La kwanza ni kwamba shanga hizi ni za kuigiza, kwa kuwa kioo chake kimetoka kwa wageni, na baadhi ya michoro yake ilianza kwa kufuata shanga za kale za kigeni. Anayesema hivyo na akumbuke neno "kitabu". Tulilipokea kwa Waarabu likiwa zima, tukalisaga, tukalitia katika kalibu ya ngeli zetu. Ile silabi yake ya kwanza tukaifanya kiambishi, na likatoka na wingi wa "vitabu" ambao Mwarabu haujui. Hakuna asemaye kwamba "vitabu" si Kiswahili. Chupa ya bia iliyogeuka ushanga wa Dipo imepita safari ya namna hiyo.

Lalamiko la pili ni zito zaidi: kwamba hii ni kazi ya mikono, na kwamba jarida la walimu wa lugha lina mambo makubwa ya kushughulikia. Jibu letu ni kwamba kazi ya namna hii huishi au hufa kwa maneno. Kufikia miaka ya 1970 wajuzi wa nakshi ya Kiffa walikuwa wamebaki wachache sana, na waliofuata baadaye walilazimika kujitahidi kuirudisha. Sababu za kufifia kwa sanaa ni nyingi, lakini moja tunaiona kila siku sokoni kwetu. Ushanga wa plastiki, ushanga wa kiwandani uliopakwa rangi juujuu, na ushanga uliofanywa kwa siku mbili motoni huwekwa katika sinia moja, na mnunuzi asiye na maneno ya kuutofautisha mmoja na mwingine hulipa bei ya ule rahisi. Fundi akilipwa hivyo mara nyingi, huacha kazi. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina kweli pale tu ambapo wanunuzi wanao uwezo wa kukijua chema. Na uwezo huo hufundishwa, tena hufundishwa kwa lugha.

Basi, walimu wenzetu, tunapendekeza kazi ndogo kwa madarasa ya juu. Mwanafunzi apewe ushanga wowote wa kufanywa kwa mkono, naye auandikie aya tatu bila kutumia maneno "mzuri" na "unavutia". Aya ya kwanza ijibu: mwili wake ni wa unga, wa chembe, au wa kigae? Ya pili: nakshi imezama, imelala sawa na uso, au imesimama? Ya tatu: ikiwa ushanga huu utalika kwa kuvaliwa miaka ishirini, nakshi yake itabaki au itaondoka? Maneno yote hayo ni ya jikoni na ya shambani. Hakuna haja ya kuazima. Tahadhari moja ni ya lazima: kioo kisisagwe darasani, kwani vumbi lake lina madhara machoni na mapafuni. Uhakiki hauhitaji kinu.

Wala si lazima ushanga wenyewe utoke Ghana. Hapa Uganda vikundi vya wanawake hufanya shanga za karatasi. Ukanda mrefu wa karatasi iliyochapwa, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, hukunjwa kwa kuviringishwa juu ya kijiti, ukagandishwa na kupakwa vanishi. Ile mistari ya rangi izungukayo ushanga hutokana na kingo za ukanda zinazochungulia nje kila mzunguko. Haikuchorwa na mtu. Mwanafunzi akipewa ushanga huo na maswali yale matatu, atagundua mwenyewe kwamba nakshi yake ni ya tabaka, na kwamba ni jirani wa karibu wa mikanda ya Odumase kuliko alivyodhani.

Hukumu yetu, kwa ufupi, ni kama ifuatavyo. Nakshi ya unga wa kioo hufikia ukamilifu pale inapokuwa kitu kimoja na mwili wa ushanga. Ndiyo sababu twaitanguliza Kiffa, tukafuatisha tabaka za Odumase, kisha maandishi ya Odumase yakiwa katika mkono mwema, na mwisho chembe za kunyunyiza. Msomaji aweza kuupindua mpangilio huo, naye tutamsikiliza kwa furaha, maadamu ameutazama ushanga kabla hajaupitisha uzini.